Ramani ya zamani ya pale Nile inaingia Ziwa Albert: simu inaniweka majini, na babu naye alichora juu yake

mjukuu_wa_fundi (Arua)

Habari za saa hizi ndugu zangu. Nina swali refu kidogo mnivumilie, na kama kuna mtu humu amesomea mambo ya upimaji tafadhali asipite kimya.

Mwezi uliopita tulikuwa Panyimur kumaliza matanga ya bibi, sasa katika kutoa vitu ndani tukafungua lile sanduku la bati ambalo tangu tukiwa watoto tulikatazwa hata kulikalia, kila mtu anangoja pesa au basi angalau hati ya shamba, tukakuta blanketi mbili za kazini, bisibisi tatu, na chini kabisa ramani imekunjwa mara nane. Baba wadogo wakacheka wakarudi kwenye chai. Mimi ndo nikabaki nayo.

Ni karatasi mbili zimeunganishwa na gundi ya unga, na mchwa wameshakula kona ya chini kulia, yani palepale ambapo nafikiri mwaka ulikuwa umeandikwa. Kinachosomeka: skeli ni 1:50,000, kontua (ile mistari ya kimo) ni za futi 50, kuna herufi D.O.S., na chini pameandikwa "Datum: New (1960) Arc". Pembeni digrii zinaanza 31 na dakika 15 mashariki mpaka 31 na dakika 45, na kwenda juu ni kutoka 2 na dakika 15 kaskazini mpaka 2 na dakika 30. Kwa hiyo kushoto una Panyimur na ile sehemu Nile Victoria inaingia Ziwa Albert halafu kilomita chache tu juu yake Nile Albert inatoka inaelekea Pakwach, Pakwach yenyewe iko karibu na pale karatasi zimeungana, na ukienda kulia unapita Paraa mpaka maporomoko ya Murchison chini kabisa karibu na ukingo.

Babu alikuwa fundi mitambo kwenye meli za Butiaba, ile bandari ya Ziwa Albert. Na hapa ndo penye mambo, alichora juu ya ramani kwa penseli. Mkondo mmoja wa buluu unaopita kwenye mafunjo kaukata kwa msalaba, kachora mwingine pembeni yake, na kando ya huo wake kuna vinamba vidogo vidogo, 7, 9, 9, 5, 4, 6, vinafuatana kama mtu anahesabu kitu. Halafu upande wa mashariki wa delta kuna mstari wa vidoti umeingia mbali kabisa nchi kavu na mwandiko wake, "Mei 64 maji mpaka hapa". Kwa Kiswahili, sio Kialur, na babu nyumbani alikuwa hasemi Kiswahili labda akikasirika.

Sasa maswali. Hii ramani ni ya mwaka gani? Vinamba ni vya nini? Na kubwa zaidi, nilienda nayo kwenye mwalo pale Panyimur, nikawasha GPS ya simu nikaiweka isome UTM, yani namba za mita kama za gridi ya ramani, nikapima kwenye gridi na rula, alama ikaangukia majini. Nimesimama kwenye mchanga, viatu vikavu, ramani inasema naogelea. Je, ramani ilikosewa au ziwa limehama au ni simu yangu ya bei rahisi?

---

saveya_mstaafu_gulu

Kijana, simu yako haina kosa na ramani haina kosa, wewe ndo umechanganya watu wawili ambao hawakuanza kuhesabu kutoka sehemu moja.

Nikuelezee taratibu maana hii kitu hata vijana wa ofisini inawasumbua. Kila ramani ina datamu, yani mfumo unaosema kuhesabu kunaanzia wapi. Simu inatumia mfumo wa WGS84. Ramani yako inatumia Arc 1960, ambao ulijengwa juu ya vipimo vya ule mstari mrefu wa meridiani ya 30 uliotoka Afrika Kusini ukapanda mpaka huku kwetu, wapimaji walikuwa Uganda magharibi mwaka 1908 na 1909 wanapanda mlima mmoja mpaka mwingine na vyombo vya shaba. Umbo la dunia walilotumia ni lile la Clarke la mwaka 1880, la satelaiti ni jingine, na kitovu nacho hakikai sehemu moja. Kwa hiyo namba zilezile zinaangukia sehemu mbili tofauti. Kwa eneo lenu tofauti ni kama mita 300 kaskazini-kusini na kama mita 80 mashariki-magharibi.

Kwenye karatasi ya 1:50,000 mita 300 ni milimita 6, na mita 80 ni kama milimita moja na nusu. Ukichukua namba za simu ukazipiga moja kwa moja kwenye gridi ya ramani, alama yako inashuka kusini na inasogea mashariki. Na ukiwa Panyimur, mashariki ni nini? Ni maji. Ndo maana umeoga bure.

Fanya hivi: alama uliyoweka, ipandishe juu milimita 6, irudishe kushoto milimita moja na nusu. Uje uniambie imekaa wapi.

Kuhusu mwaka. D.O.S. ni Directorate of Overseas Surveys ya Waingereza, walikuwa Tolworth nje kidogo ya London. Walianza mwaka 1946 na jina la Directorate of Colonial Surveys, jina la "Overseas" limekuja 1957, kwa hiyo karatasi haijachapwa kabla ya hapo. Tena imeandikwa 1960 Arc, basi haiwezi kuwa kabla ya 1960. Sasa niambie vitu viwili. Maporomoko ya Murchison yamechorwa mangapi, moja au mawili? Na Pakwach kuna reli?

---

mjukuu_wa_fundi (Arua)

Moja tu. Reli hakuna kabisa. Pakwach pameandikwa Ferry.

---

saveya_mstaafu_gulu

Safi. Pale Murchison zamani maji yote yalikuwa yanapita kwenye ule mwanya mwembamba wa mita kama 7 hivi na kuanguka mita zaidi ya 40. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilipokuja mto ukashindwa kutosha, ukavunja njia ya pili upande wa kaskazini, na kwa kuwa ilikuwa mwaka wa uhuru wakaiita Uhuru Falls. Ramani yenye poromoko moja maana yake picha za ndege zilizotumika ni za kabla ya hapo. Reli nayo ilifika Pakwach 1964.

Kwa hiyo mimi naweka kati ya 1960 na 1964 au karibu hapo. Lakini usije ukaapa mahakamani, kwa sababu karatasi hizi zilikuwa zinachapwa tena na tena bila kubadilisha kilichomo, mwaka wa kuchapa sio mwaka wa kupima. Hata hivyo babu yako kaandika "Mei 64", basi angalau tunajua mpaka mwezi huo alikuwa nayo mkononi.

Na jambo lingine la majina, kwa wengine watakaookota ramani kama hizi: zikiwa zinasema Kabalega Falls na Lake Mobutu Sese Seko hizo ni za wakati wa Amin, miaka ya 70. Hii yako inasema Murchison na Albert, ni ya kabla.

---

kaka_wa_buliisa

Mimi nimesoma mpaka hapa nikaacha chakula. Sisi upande huu wa Wanseko tuna kesi ya shamba la ukoo tangu mambo ya mafuta yaanze, kila mtu ana babu yake na kila babu ana mipaka yake. Hiyo ramani si inaweza kuonyesha nani alikuwa anakaa wapi? Naomba hata picha tu ya upande wa mashariki mwa ziwa bwana, nitalipa data.

---

saveya_mstaafu_gulu

Kaka pole na kesi lakini usipoteze data yako. Ramani ya topo inaonyesha mlima, mto, njia, mti mkubwa labda, na nyumba kama vidoti vyeusi. Haionyeshi mpaka wa shamba la mtu hata mmoja. Kidoti kinasema hapa palikuwa na paa siku ndege ilipopita, hakisemi paa la nani. Nimeona mawakili wanapeleka karatasi kama hizi mbele ya hakimu wamepaka kalamu ya manjano, inakuwa aibu. Kama ardhi ni ya kimila nenda kwa njia ya cheti cha umiliki wa kimila, sheria ya ardhi ya 1998 inakiruhusu, na mashahidi wako ni wazee wa jirani.

Tena kwa digrii alizotaja Wanseko yenyewe iko chini ya dakika 15, haimo kwenye karatasi hiyo. Iko kwenye ya kusini yake. Idara ya upimaji Entebbe ndo waulize.

---

kaka_wa_buliisa

Banange. Haya asante mzee, angalau umeniambia mapema.

---

nahodha_mwalo

Mimi sijui Clarke sijui nani, mimi najua maji. Navua hapo tangu 1998, usiku tunaenda na taa kwa muziri na ragoge, wale samaki wadogo, mchana nabeba watu na mizigo.

Huo mkondo babu kaukata kwa msalaba, nieleze vizuri uko wapi. Kwa sababu delta pale sio mto mmoja jamani, watu wa Kampala wanafikiri Nile inaingia ziwani kama bomba, hapana, inafika pale imechoka, inagawanyika, inalala ndani ya mafunjo, kuna milango mingi na kila msimu mmoja unaziba mwingine unafunguka. Kisiwa cha mafunjo kinakatika chenyewe usiku kinatembea na ndege juu yake, asubuhi unakuta njia uliyopita jana ina ukuta. Mimi nimelala ndani ya boti na abiria kumi na mbuzi wawili kwa sababu ya kisiwa kimoja, viboko wanapumua hapo pembeni mpaka saa kumi na mbili. Mbuzi ndo waliosali zaidi.

Sasa anayechora delta kwenye karatasi anachora siku moja tu. Babu yako ni mtu wa maji, kaona mchoro hausemi kweli akausahihisha.

---

mjukuu_wa_fundi (Arua)

Nahodha umenichekesha na mbuzi, asante. Saveya nimefanya ulivyosema: milimita 6 juu, moja na nusu kushoto. Alama imetoka majini imekaa nchi kavu, karibu kabisa na kile kinjia chenye vidoti ambacho kwenye ramani kinashuka kutoka barabarani mpaka ufukweni. Na kinjia hicho kipo mpaka leo! Ndo tulichopita na boda siku ile. Yani miaka sitini watu wanashuka palepale.

Nimesikia raha ya ajabu, sijui niseme nini.

Ila upande wa pili sasa, wa mashariki, nimejaribu hivyohivyo kwa picha ya satelaiti nikiwa nyumbani, nimechukua sehemu tatu kwenye delta nimezisogeza kwa milimita zilezile na bado hazikubali, maji ya satelaiti yako sehemu ambapo ramani ina nyasi, na sehemu nyingine kinyume. Nahodha, mkondo wa msalaba ni ule unaotoka kwa mto mkubwa ukishika kulia, unakata mafunjo unatokea upande wa kaskazini. Wa babu unazunguka zaidi kushoto, unakaribia ziwa wazi, halafu ndo unapanda kuelekea mlango wa Nile Albert.

---

saveya_mstaafu_gulu

Huo ndo utamu wake. Kosa la datamu linafanana kila mahali, ukilitoa Panyimur linatoka na Paraa na linatoka Pakwach. Kinachobaki baada ya kulitoa sio kosa tena, ni mto umetembea.

Na angalia kitu kimoja ambacho watu hawakioni. Kontua za karatasi hiyo ni za futi 50, sawa na mita 15. Kwenye ukingo wa kushoto ukielekea milima ya Nebbi mistari inaanza kubanana vizuri, unaona kabisa hapa kuna mteremko. Kwenye delta huoni mstari hata mmoja, ni karatasi tupu na alama za majani ya kinamasi. Ziwa limeandikwa futi 2,030 bila shaka. Sasa mvua za 61 mpaka 64 zilipandisha Ziwa Victoria kama mita 2 na nusu, na maji hayo yote yakaja chini kwa njia ya Ziwa Kyoga, na Albert nalo likapanda. Mita 2 na nusu ni futi 8. Katika futi 50, futi 8 hazina mstari wake, zimemezwa. Lakini kwenye ardhi iliyolala kama sahani futi 8 ni kilomita na kilomita za maji.

Kwa hiyo mtu wa Tolworth hakukosea, kwa skeli yake hiyo ardhi haina kimo. Ila mtu anayekaa pale futi 8 ni nyumba yake yote. Mstari wa vidoti wa babu yako ni kontua ambayo serikali haikuwa nayo. Nakuomba usiufute, tena usiupitishe kalamu juu yake kuukoleza, najua vijana.

---

mama_otim_hoima

Niliolewa Butiaba mwaka 1959, nimekaa pale mpaka bandari ikafa, sasa niko Hoima na macho yangu ni ya mjukuu ndo ananiandikia hapa.

Mwanangu, hivyo vinamba usisumbuke, ni futi za maji. Mabaharia walikuwa wanasimama mbele ya meli na mti mrefu una alama za rangi, wanachomeka wanapiga kelele namba, wa juu anasikia. Mchana kutwa unasikia "saba! tisa! tisa! tano!" na ikifika nne kila mtu anajua hapa tunaweza kulala. Fundi alikuwa chini kwenye mitambo hakuwa na haja ya kujua, lakini fundi mwenye akili alikuwa anaandika, kwa sababu meli ikikwama kwenye matope anayeulizwa kwa nini injini imezimika ni yeye.

Na Kiswahili ndo ilikuwa lugha ya meli. Mlikuwa na Waalur, Wanyoro, Wajaluo wa Kisumu, Wahindi wa stoo, Mzungu mmoja au wawili, nani angeelewana na nani. Hata matusi yalikuwa ya Kiswahili, kwa hiyo nimecheka uliposema babu alikisema akikasirika.

Maji ya miaka ile nayakumbuka mimi. Yalikuja polepole, sio mafuriko ya kelele. Leo yako kwenye ngazi ya kwanza ya gati, baada ya mwezi ngazi ya pili, watu wanasema yatarudi. Hayakurudi. Gati lilizama, ile meli kubwa Robert Coryndon iliyoanza kazi 1930 ikazama palepale bandarini tunaitazama, ikabaki bomba na chuma vinaonekana miaka mingi sana, watoto wangu wameogelea humo. Halafu reli ikaenda Pakwach, nani tena apande meli. Tukabaki na samaki.

Jina la babu yako usiliandike humu, lakini nikiona mwandiko nitajua kama ni yeye ninayemfikiria, alikuwa na mguu mmoja unachechemea.

---

mjukuu_wa_fundi (Arua)

Mama shikamoo. Mguu wa kushoto. Alisema aligongwa na mnyororo.

---

mama_otim_hoima

Marahaba mwanangu. Ni yeye. Hakugongwa na mnyororo, aliruka kutoka melini akiwa amelewa akidhani tumeshafika. Lakini mnyororo ni hadithi nzuri, iacheni hivyohivyo.

---

binti_wa_pakwach

Mama Otim nimekufa kwa kicheko 😂

Mimi swali langu dogo, je hiyo ramani ina Wang Lei? Pale ambapo Gipir na Labongo waliachana baada ya ugomvi wa mkuki na shanga, wakaweka shoka mtoni, mmoja akavuka kwenda magharibi ndo sisi Waalur, mwingine akabaki upande wa Acholi. Babu zetu wote wanapataja, kila mtoto wa Pakwach anapajua, nataka kujua kama wapimaji walipaandika.

---

mjukuu_wa_fundi (Arua)

Nimetafuta na kioo cha kukuzia kuanzia feri kwenda juu na kwenda chini. Hakuna. Kuna "Rest Camp", kuna "Ferry", kuna "Cotton store", hakuna Wang Lei. Na babu naye hajaiongeza, nafikiri hakuona haja ya kuandika kitu ambacho kila mtu anakijua.

---

binti_wa_pakwach

Stoo ya pamba imeandikwa, shoka halikuandikwa. Haya.

Sasa nikusaidie na mimi kwa ninachojua, nafanya kazi ya uchapaji Kampala mtaa wa Nasser, zinakuja karatasi za zamani kila siku watu wanataka kopi, na nusu yake wameshaziua wenyewe kabla ya kufika. Usiweke selotepu hata kidogo, ile inageuka ya kahawia na inakula wino. Usiipeleke laminesheni, najua kuna mtu atakushauri, ukishaifunga ndani ya plastiki haitoki tena. Usiilazimishe kunyooka ikiwa kavu inapasuka kwenye mikunjo, iache siku mbili tatu ndani ya chumba chenye unyevu kidogo, sio jikoni, halafu ilaze kati ya karatasi nyeupe safi na uweke vitabu vizito juu. Ikishanyooka usiikunje tena, iviringishe kwenye bomba pana la karatasi. Ile gundi ya unga ndo imewaita mchwa na mende, ni chakula kile, kwa hiyo sanduku la bati lilikuwa na akili lakini lilikuwa na tobo.

Skana yake iwe ile kubwa ya michoro ya majengo, karatasi inapita bapa, mwambie 400 dpi na rangi, sio nyeusi na nyeupe, maana penseli itapotea. Kama huna njia ya kuja Kampala piga picha nje kwenye kivuli, sio juani, kamera juu kabisa sambamba na karatasi, vipande vipande vinavyopishana.

---

saveya_mstaafu_gulu

Binti ameongea kama mtu wa makumbusho. Ukishapata skani, ingiza kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ni bure. Bonyeza makutano ya mistari ya gridi, sio manne tu, kwa karatasi iliyokunjwa mara nane bonyeza hata ishirini yakiwa yametawanyika kila upande, na chagua namba EPSG 21096, hiyo ndo Arc 1960 ukanda wa 36 kaskazini. Halafu karatasi mbili zifanye mbali mbali, kila moja peke yake, gundi ya unga haijali vipimo na nina hakika babu aliziunganisha milimita moja mbili pembeni. Baada ya hapo ndo uibadilishe kwenda 32636, ukanda huohuo kwa WGS84, ikubaliane na simu. Kwa mikunjo tumia thin plate spline, inavuta karatasi kama ngoma.

Ukimaliza chora mstari wa Mei 64 kama leya (tabaka) yake peke yake, na mkondo wa babu leya nyingine. Ninaomba kopi. Mwaka 2020 pale Jinja kipimo cha Ziwa Victoria kilifika mita 13.42 mwezi wa tano, kikapita kile cha 1964 kwa sentimita moja tu. Mwezi wa tano wote wawili. Ningependa sana kuona mstari wa babu ukiwekwa juu ya picha ya satelaiti ya Mei 2020.

---

nahodha_mwalo

2020 mimi sihitaji satelaiti. Maji yaliingia kwenye maduka ya mwalo, nyumba ya mama mkwe ilibaki bati tu, tulifunga boti kwenye mwembe. Nikionyeshwa mstari wa huyo mzee kwenye nchi kavu nitakuambia kama yalifika au yalipita, mti kwa mti.

Halafu kuhusu mkondo, nimekaa nimefikiri tangu jana. Unaozunguka kushoto karibu na ziwa wazi halafu unapanda, huo upo. Sio wote, katikati umezibwa na gugu maji na mafunjo mapya, lakini mwanzo wake na mwisho wake ndo njia tunapita sisi tukiwa na mzigo mzito, na hakuna aliyetufundisha, tulimkuta mzee mmoja anapita tukamfuata, naye sijui alimfuata nani. Ule wa msalaba mimi sijawahi kuuona kama mto, ni kinamasi kitupu, ndege wale wakubwa wenye mdomo kama kiatu ndo wanakaa humo, watalii wanalipa kwenda kuwaona.

Pale penye 4 alipoandika, ni baada ya kona ya pili?

---

mjukuu_wa_fundi (Arua)

Ndiyo, baada ya kona ya pili kabla haijanyooka. Umejuaje?

---

nahodha_mwalo

Kwa sababu hapo ndo kila mtu anakwama. Upondo wangu kila sehemu ya njia hiyo siku hizi hausimami, maji ni mengi, hapo tu ndo unagusa.

Njoo na hiyo kopi, sio yenyewe, yenyewe iache nyumbani kwenye vitabu kama binti alivyosema. Tutapita na boti kutoka Panyimur mpaka Pakwach kwa njia ya babu, sehemu iliyoziba tutazunguka, na wewe utasoma namba mimi nitachomeka. Jumamosi yoyote isipokuwa wakati mwezi uko gizani, hizo siku nauza usingizi kwa muziri.

---

mjukuu_wa_fundi (Arua)

Nakuja. Skani nafanya wiki ijayo, natuma karatasi na basi la usiku kwa binti Nasser, nitaikumbatia mpaka stendi. Mama Otim nitakuletea picha ya mwandiko Hoima mwenyewe, na samaki.

Nahodha jambo moja tu, mafuta ya boti ni ya nani?

---

nahodha_mwalo

Ya mwenye ramani. Na uje na mbuzi wako.